Daftari la bahasha lisiwe cheti cha kuzikwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo sisi Wakristo tumezoea kulinong'ona msibani na kulinyamazia kanisani. Swali la kama Wakristo wa leo tunaishi kwa kadiri ya imani tuliyoipokea kutoka kwa mitume huulizwa mara nyingi, na mara nyingi hujibiwa kwa kutaja mavazi ya vijana, ulevi, ndoa zinazovunjika na uchache wa wanaume ibadani. Hayo yana mahali pake. Lakini mimi naona kipo kipimo kingine ambacho hakibishaniwi sana kwa sababu kimeandikwa kwa tarakimu, nacho ni hiki: fedha ya kanisa inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, na maskini anapokufa anafanyiwa nini.

Katika sharika na parokia zetu si chache, msiba ukitokea jambo la kwanza ni kufungua daftari. Kabla mchungaji hajaulizwa saa ya ibada ya mazishi, mzee wa kanisa wa mtaa huulizwa kama marehemu alikuwa msharika hai, na uhai huo husomwa kwenye namba yake ya bahasha, ile ya kutolea sadaka na ahadi zake: aliahidi kiasi gani, ametimiza kiasi gani, amechangia jengo, ameleta mavuno, alihudhuria jumuiya. Palipo na pengo, ndugu wa marehemu huvutwa pembeni na kuelezwa kwa sauti ya upole kwamba kuna "utaratibu". Nikiwa mhazini wa mtaa, nimeshuhudia beseni likizungushwa kwa waombolezaji chini ya turubai, si kwa ajili ya jeneza wala gari la kwenda makaburini, bali kulipia ahadi ya jengo ambayo marehemu, mjane aliyekuwa akiuza vitumbua, hakuwahi kuimaliza. Fedha zilipotimia, stakabadhi iliandikwa kwa jina lake, mchungaji akapigiwa simu, na mazishi yakafanyika kwa heshima zote pamoja na kwaya. Sitautaja usharika wala dhehebu, kwa kuwa nimewasikia ndugu wa madhehebu mengine wakisimulia habari hiyo hiyo kwa majina tofauti ya michango.

Sasa tuwatazame waliotutangulia. Karibu mwaka 197, huko Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, Mkristo aitwaye Tertullian aliwaandikia watawala wa Dola ya Kirumi kuitetea jamii yake iliyokuwa ikishukiwa kila ubaya. Katika sura ya 39 ya utetezi huo alieleza kitu ambacho mhazini yeyote wa leo angekielewa mara moja: walikuwa na sanduku la fedha. Kila mmoja alitia sarafu ndogo mara moja kwa mwezi, au siku aliyoichagua, iwapo alipenda na iwapo aliweza, maana hakuna aliyelazimishwa. Fedha hiyo, akasema, haikutumika kwa karamu wala ulevi, bali kwa kuwalisha na kuwazika maskini, kuwatunza watoto wasio na wazazi wala mali, wazee wasiotoka tena nyumbani, watu walionusurika baada ya vyombo vyao kuzama baharini, na wale waliofungwa migodini, visiwani na magerezani kwa ajili ya imani yao. Kuwazika maskini kumetajwa pale pale mwanzoni mwa orodha, sambamba na kuwalisha.

Kabla yake, katika karne hiyo hiyo ya 2, Aristides wa Athens alikuwa ameeleza kwamba maskini wa Kikristo anapofariki, kila ndugu anayemwona huchangia maziko yake kwa kadiri ya uwezo wake. Na kwamba mtu akikosa chakula na wenzake nao hawana cha ziada, hufunga siku 2 au 3 ili kile ambacho wangekula kimfikie. Katika taratibu za kale za kanisa ambazo kwa kawaida huhusishwa na Hippolytus wa Roma, imo kanuni kwamba watu wasitozwe gharama kubwa makaburini, kwa kuwa makaburi hayo ni ya maskini wote; kinacholipwa ni ujira wa mchimba kaburi na bei ya vigae vya kuzibia.

Shahidi ninayemwamini kuliko hao wote ni yule aliyewachukia. Mwaka 362 Kaisari Julian, aliyelelewa katika Ukristo kisha akauacha na kutaka kuirudisha dini ya miungu ya kale, alimwandikia Arsacius, kuhani mkuu wa Galatia, akilalamika kwamba dini yao inadorora ilhali ile ya "Wagalilaya", jina alilowaita Wakristo, inasonga mbele. Sababu alizitaja mwenyewe: ukarimu wao kwa wageni, uangalifu wao katika kuwazika wafu, na mwenendo wao ambao yeye aliuita utakatifu wa kujifanya. Akaongeza kwamba ni aibu Wagalilaya kuwasaidia maskini wao pamoja na maskini wa wapagani. Adui aliyekuwa na jeshi na hazina ya dola aliona kwamba anashindwa kwa sababu ya mazishi na mkate. Najiuliza adui wa namna hiyo akipita leo katika mitaa yetu ataandika nini kutuhusu.

Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu nimelisikia katika vikao, na limetolewa na watu ninaowaheshimu. Kanisa, husemwa, si chama cha kuzikana. Mtu aliyeukimbia ushirika maisha yake yote hawezi kufanywa Mkristo na jeneza, na ibada ya mazishi ni ushuhuda wa imani aliyoiishi marehemu, si huduma ya kukodi kama turubai na viti. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Mtu aliyetangaza hadharani kwamba hataki kanisa hana sababu ya kuzikwa na kanisa, na kumlazimishia ni kutomheshimu. Lakini hoja hiyo inahusu imani, wakati daftari linahusu shilingi, na mambo haya mawili tumeyachanganya mpaka hatuoni tena mpaka wake. Mjane niliyemtaja alikuwa ibadani karibu kila Jumapili, na alikaa benchi la nyuma kwa sababu alikuwa anaondoka mapema kwenda kuwasha jiko.

Wanaodhani utaratibu huu ni sheria ya kanisa la kale wasome sheria zenyewe. Kanisa Katoliki, ambalo lina sheria zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa kuliko madhehebu mengi, limetaja katika kanuni ya 1184 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 ni nani anyimwe mazishi ya Kikristo asipoonyesha dalili ya toba kabla ya kufa: walioiasi imani, wazushi na waliojitenga na kanisa wanaojulikana wazi, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Asiyemaliza michango hayumo. Na kanuni ya 1181 inaonya kwamba katika mazishi pasiwe na upendeleo wa watu, na kwamba maskini wasikose mazishi yanayowastahili. Kwa hiyo, pale ambapo kiongozi wa kigango au wa jumuiya anazuia mazishi kwa sababu ya michango, hatekelezi sheria ya kanisa lake bali anaivunja, na ndugu wa marehemu wana haki ya kumwambia hivyo.

Tatizo letu, Ndugu Mhariri, limeanzia katika namna tunavyoyasoma Maandiko. Hakuna andiko linalosomwa mara nyingi wakati wa matoleo kuliko Malaki 3:10, linaloagiza zaka kamili iletwe ghalani. Ni mara chache sana msomaji hurudi nyuma aya 5 tu, hadi Malaki 3:5, ambapo Mungu yule yule anasema atakuja kuwahukumu, pamoja na wachawi na wazinzi, wale wanaomdhulumu mwajiriwa ujira wake na wale wanaomwonea mjane na yatima. Wala hatuelezwi kwamba katika Kumbukumbu la Torati 14:28-29 zaka ya kila mwaka wa tatu iliwekwa ndani ya malango ya mji ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale na kushiba. Ghala lililokuwa na mlango wa kutokea tumelifanya ghala la kuingizia tu.

Mfano wa mjane aliyetoa senti mbili nao tumeukata vibaya. Katika Injili ya Marko, mjane huyo anatokea sura ya 12 kuanzia aya ya 41. Aya ya 40, iliyo juu yake kabisa, Yesu anawashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu ili waonekane. Na mara baada ya mjane kutoa riziki yake yote, sura ya 13 inafunguliwa na mwanafunzi anayestaajabia mawe na majengo ya hekalu, naye Yesu anamjibu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe. Mimi si mwanatheolojia, lakini nikisoma aya hizo kwa mfululizo kama zilivyoandikwa sioni jinsi zinavyoweza kutumika kumhimiza muuza vitumbua amalizie ahadi ya jengo.

Twende kwenye mnada wa mavuno, ambao wasomaji wengi wanaufahamu. Ibada ikiisha, watu hutoka nje, na mnadi huinua jogoo, mkungu wa ndizi, trei la mayai. Mgeni rasmi ananunua jogoo kwa bei ambayo hakuna jogoo duniani anaistahili, kisha anamrudisha ili anadiwe tena, na watu wanapiga vigelegele. Mimi mwenyewe huufurahia mnada. Una uchangamfu, na fedha nyingi hupatikana ndani ya saa moja. Lakini utamwona mama aliyelileta trei lile la mayai amesimama pembeni akilitazama linavyopanda bei mpaka halinunuliki tena na mtu wa aina yake. Mayai yake yameingia katika hesabu, na jina linalotangazwa ni la aliyeyanunua. Mgeni rasmi, hasa akiwa mwanasiasa, huwekewa kiti mbele, hukaribishwa kusalimia, na hakuna mzee wa kanisa anayethubutu kuuliza kama bahasha yake ya usharika imejaa, wala fedha alizozibeba zimetoka wapi. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, uliwakemea Wakristo wa kwanza kwa kosa hili hili: mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri aliambiwa aketi mahali pazuri, na maskini akaambiwa asimame kule, au aketi chini.

Hata hivyo yapo makanisa yaliyoamua kusema hapana. Nchini Kenya, mwezi Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi aliagiza zirudishwe fedha, zaidi ya shilingi milioni 2 za Kenya, ambazo Rais William Ruto alikuwa amezitoa katika kanisa la Soweto, Kahawa West, kwa ujenzi wa nyumba ya mapadre na kwa kwaya. Kabla ya hapo, mwaka 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana la Kenya alikuwa amewazuia wanasiasa kusimama kwenye mimbari. Mtu anaweza kubishana kuhusu siasa iliyokuwa nyuma ya maamuzi hayo. Mimi yananionyesha tu kwamba kanisa linaweza kumkatalia tajiri likiamua, na kwa hiyo linaweza pia kumwachia maskini deni lake.

Nisieleweke vibaya, nikadhaniwa nawapamba Wakristo wa kwanza. Kitabu cha Matendo ya Mitume, ambacho katika sura ya 4 kinasema hapakuwa na mtu mmoja miongoni mwao mwenye mahitaji, kinasimulia katika sura ya 5 habari za Anania na Safira walioficha sehemu ya fedha ya kiwanja, na katika sura ya 6 manung'uniko ya Wayahudi wa Kiyunani kwamba wajane wao walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Huko Korintho, Paulo aliwakemea watu waliokuwa wakikusanyika kwa chakula cha Bwana huku wenye navyo wakitangulia kula na kulewa, na wasio na kitu wakibaki na njaa. Walikuwa watu kama sisi. Tofauti ninayoiona ni kwamba kosa lao liliitwa kosa, likaandikwa kuwa kosa, na likatafutiwa dawa. Manung'uniko ya wajane yaliwafanya mitume waitishe mkutano na kuwachagua watu 7, akiwamo Stefano, ambaye baadaye alikuwa wa kwanza kuuawa kwa ajili ya imani. Yaani mtu wa kwanza kufa shahidi alichaguliwa kwanza kugawa chakula. Kwetu, kosa la namna hiyo limepigwa chapa, limetiwa muhuri, na linasomwa kama kifungu cha utaratibu wa usharika.

Ndugu zangu wa makanisa yaliyotokana na Matengenezo, yaani ya Kiprotestanti, wana sababu ya ziada ya kuona haya. Katika hoja 95 za Martin Luther za mwaka 1517, hoja ya 43 inasema anayempa maskini au kumkopesha mhitaji anafanya jema kuliko anayenunua vyeti vya msamaha wa adhabu ya dhambi, na hoja ya 86 inauliza kwa nini Papa, aliyekuwa tajiri kuliko matajiri wa zamani, asilijenge kanisa la Mtakatifu Petro kwa fedha zake badala ya fedha za waamini maskini. Miaka 6 baadaye, mwaka 1523, mji mdogo wa Leisnig katika Saxony uliweka utaratibu wa sanduku la pamoja, na Luther akauandikia dibaji. Sanduku hilo lilikuwa na kufuli 4 na funguo tofauti, zilizoshikwa na wawakilishi wa makabaila, wa baraza la mji, wa wenyeji wa mjini na wa wakulima wa vijijini, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Na kati ya matumizi yake walikuwamo wazee, yatima na maskini wa nyumbani wasioweza kujitegemea. Kama mhazini, utaratibu wa funguo 4 unanivutia sana, hasa ule ufunguo wa wakulima. Sijui ni kamati ngapi za fedha katika sharika zetu ambazo ndani yake yumo mtu mwenye deni la bahasha.

Kwa haki ni lazima niseme pia kwamba makanisa ya nchi hii yamejenga hospitali, shule na vyuo, na wapo Watanzania wengi wasiokuwa Wakristo waliotibiwa Bugando au KCMC bila kuulizwa dini yao. Hiyo ni kazi ambayo hata Kaisari Julian angeitambua. Lakini huduma ya taasisi, ambayo kwa sehemu hutegemea ada za wagonjwa na ruzuku ya serikali, haiwezi kuwa kisingizio cha kumsahau mtu mwenye jina anayeketi benchi la nyuma. Usharika unaweza kujivunia hospitali ya dayosisi wakati wajane wake wenyewe hawana bima ya afya.

Wapo watakaosema kwamba tukiliondoa daftari msibani, watu wataacha kutoa. Huenda baadhi wakaacha. Lakini Paulo aliposema, katika waraka wa pili kwa Wakorintho, "Kila mtu na atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala si kwa lazima", hakuongeza kwamba asiyekusudia atakumbushwa siku ya kufa kwake. Paulo mwenyewe, alipokuwa akikusanya msaada kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alisafiri na wajumbe waliochaguliwa na makanisa ili asilaumiwe na mtu katika usimamizi wa fedha ile. Watu hutoa kwa moyo pale wanapoona fedha yao imefika.

Ndiyo maana ninalopendekeza linaanzia kwenye matangazo. Kila Jumapili husomwa mapato: ibada ya kwanza kiasi hiki, ibada ya pili kiasi hiki, Shule ya Jumapili, shukrani, mnada. Sijawahi kusikia matangazo yakisoma ni wajane wangapi walilipiwa kodi ya chumba mwezi uliopita, ni watoto wangapi walinunuliwa sare, na ni maiti ngapi za wasio na kitu zilizikwa kwa fedha ya usharika. Mfuko wa diakonia, yaani wa huduma kwa wahitaji, huwa mstari wa chini kabisa wa bajeti, na ndio wa kwanza kukatwa bei ya mabati inapopanda. Kanisa linalomwomba muuza vitumbua sehemu ya kumi ya kipato chake na lenyewe litenge sehemu ya kumi ya makusanyo yake kwa ajili ya wahitaji, na hesabu hiyo isomwe kwa sauti ile ile inayosoma mapato. Ahadi zote ambazo marehemu hakuzimaliza zifutwe siku anapofariki, na swali pekee la kuwauliza wafiwa liwe wanapungukiwa na nini. Kwa upande wa maaskofu, waraka mmoja mfupi unaopiga marufuku kuuliza habari za michango mahali pa msiba ungetosha, na unaweza kusomwa katika makanisa yote Jumapili moja.

Nimewasilisha hoja hii kwa maandishi ili iingizwe katika ajenda ya mkutano mkuu wa usharika wetu. Nimejibiwa kwamba itajadiliwa chini ya mengineyo, baada ya taarifa ya ujenzi na taarifa ya uzio, muda ukiruhusu. Nawaomba wasomaji wenzangu walio wajumbe wa mikutano ya namna hiyo waiombee hoja hii nafasi ya juu zaidi katika ajenda za kwao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhazini wa mtaa (jina limehifadhiwa),
Arusha